Tai, Nyoka na Kalenda ya Ukutani: Kumbukumbu ya Waazteki katika Sanaa ya Watu wa Meksiko



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, katika tafakari ya juma hili tunawaalika twende kwa mawazo hadi Meksiko, nchi ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa sababu ya Bikira Maria wa Guadalupe. Huko si ajabu kuingia katika duka dogo, gereji, au nyumba ya mtu wa kipato cha chini, na kukuta picha mbili zimetundikwa kwenye ukuta mmoja. Ya kwanza ni ya Mama wa Guadalupe, amezungukwa na miali ya jua, na mwezi uko chini ya miguu yake. Ya pili ni kalenda: shujaa wa Kiazteki aliyejipamba kwa manyoya ya ndege anamwombolezea binti mfalme aliyelala usingizi wa mauti, na nyuma yao imesimama milima miwili yenye theluji.

Dola ya Waazteki ilianguka mwaka 1521. Dini yake ilikomeshwa kwa nguvu na mahekalu yake yakabomolewa, na katika kazi hiyo ya kubomoa walikuwamo maaskofu na watawa wa Kanisa letu. Sasa imepita miaka zaidi ya mia tano. Ni nani, basi, aliyezihifadhi picha hizo hata zikafika ukutani, kando ya picha ya Mama wa Mungu? Na je, kuwapo kwake pale ni mabaki ya upagani tu, au liko jambo ambalo historia yake inatudai sisi waamini?

TAI JUU YA MPUNGATE

Waazteki walijiita wenyewe Mexica, na jina hilo ndilo lililozaa jina la nchi. Simulizi yao yasema kwamba walitoka kaskazini wakiwa kabila maskini lisilo na ardhi, wakiongozwa na mungu wao wa vita, Huitzilopochtli. Aliwaagiza watangetange mpaka wamwone tai ametua juu ya mpungate, ule mmea wa miiba wenye matawi mapana na manene. Ishara hiyo waliiona katika kisiwa chenye matope ndani ya ziwa Texcoco, mahali ambapo hapana mtu aliyepataka. Hapo wakajenga mji wa Tenochtitlan, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 1325. Katika muda usiotimia karne mbili, kisiwa kile cha matope kikawa makao makuu ya dola iliyokusanya kodi kutoka nchi nyingi. Hatimaye tarehe 13 Agosti 1521 mji huo uliangukia mikononi mwa Hernán Cortés, Wahispania wake, na maelfu ya wenyeji waliokuwa maadui wa Waazteki, hasa watu wa Tlaxcala.

Tai yule hakufa pamoja na mji. Meksiko ilipopata uhuru wake mwaka 1821, ilimweka katika bendera yake, na hadi leo yumo: amesimama juu ya mpungate, ameshika nyoka mdomoni. Yumo pia katika sarafu ambazo watoto hupewa kwenda kununulia mkate. Lakini kati ya mwaka 1521 na 1821 kuna miaka mia tatu ambayo hapakuwa na serikali ya kumtunza tai huyo wala ndugu zake. Ni miaka hiyo ambayo yafaa tuitazame kwanza.

MAMBO MATATU YA MWAKA MMOJA

Askofu wa kwanza wa Meksiko alikuwa Mfransisko, Juan de Zumárraga. Mwaka 1531 aliwaandikia watawa wenzake wa Ulaya kwamba mahekalu zaidi ya 500 na sanamu zaidi ya 20,000 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa. Aliyaandika hayo kwa furaha ya mmisionari. Leo tunayasoma kwa moyo mzito zaidi, maana pamoja na sanamu viliteketea vitabu vya picha ambavyo ndani yake watu wale walikuwa wameandika nasaba zao, mipaka ya mashamba yao na hesabu ya nyakati zao.

Ndugu wapendwa, twaomba tutue kidogo katika mwaka mmoja tu, mwaka 1539. Katika mwaka huo yalitukia mambo matatu.

La kwanza: mjini Meksiko kiliwekwa kiwanda cha kwanza cha kuchapa vitabu katika bara lote la Amerika, kwa juhudi za Askofu Zumárraga mwenyewe, na kitabu kilichochapwa mwaka huo kilikuwa mafundisho ya dini katika Kihispania na Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

La pili: mafundi wa Kiazteki walimaliza picha ya Misa ya Mtakatifu Gregori, iliyotengenezwa kwa manyoya ya ndege yaliyobandikwa juu ya ubao. Sanaa hiyo ya manyoya ndiyo iliyokuwa ikiwapamba wafalme na makuhani wa zamani. Sasa mikono ile ile ilimchora Kristo mteswa akijitokeza juu ya altare. Kazi hiyo ilisimamiwa na Bruda Pedro de Gante, Mfransisko aliyefungua shule ya ufundi kwa ajili ya wenyeji, chini ya gavana wa Kiazteki Diego Huanitzin. Ilitengenezwa kuwa zawadi kwa Baba Mtakatifu Paulo III, ambaye miaka miwili kabla, mwaka 1537, alikuwa ametangaza katika waraka wake *Sublimis Deus* kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli, wanaoweza kuipokea imani, na kwamba ni marufuku kuwanyang'anya uhuru na mali zao. Picha hiyo ipo mpaka leo katika makumbusho ya mji wa Auch, nchini Ufaransa, na manyoya yake bado yana rangi.

La tatu: tarehe 30 Novemba 1539 mtu mashuhuri wa ukoo wa kifalme wa Texcoco, Don Carlos Ometochtzin, aliyekuwa amebatizwa, alichomwa moto hadharani kwa hukumu ya Zumárraga akiwa mkaguzi wa imani. Shtaka lilikuwa kwamba alipinga mafundisho ya mapadre na kuwashauri watu wafuate njia za babu zao. Serikali ya Hispania ilimkaripia askofu kwa ukali wa hukumu hiyo, na mahakama ya imani ilipoundwa rasmi Meksiko mwaka 1571, wenyeji waliondolewa katika mamlaka yake.

Kitabu, picha ya manyoya, na moto: vyote ni vya mwaka mmoja na mji mmoja. Askofu aliyeleta kitabu ndiye aliyewasha moto. Hatuyasemi haya ili kumhukumu marehemu, bali kwa sababu historia ya picha za Waazteki haieleweki kwa mtu anayetaka kusikia upande mmoja tu. Asemaye kwamba Kanisa liliharibu, asema kweli. Asemaye kwamba Kanisa lilihifadhi, asema kweli pia. Na mara nyingi aliyehifadhi hakuwa mkubwa aliyetoa amri, bali fundi aliyekuwa akifanya kazi.

MASHUJAA WA CHUI KATIKA KANISA LA MALAIKA MKUU

Watawa walihitaji makanisa, na waliokuwa na ujuzi wa kuchonga mawe na kupaka rangi ni wenyeji. Hivyo mikono iliyokuwa imezoea kuchonga nyoka wenye manyoya ndiyo iliyochonga misalaba ya mawe iliyosimamishwa katika nyua za makanisa. Misalaba hiyo ina taji la miiba, misumari, nyundo na ngazi, lakini mara nyingi mchongo wake una mkono wa zamani. Katika msalaba mmoja wa jimbo la Michoacán, pale katikati limepachikwa jiwe la mviringo la volkano, jeusi na linalong'aa kama kioo, aina ile ile ya jiwe iliyotumika zamani kutengenezea vioo na visu vya ibada.

La kushangaza zaidi liko Ixmiquilpan, katika jimbo la Hidalgo. Kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli, lililojengwa na Waagustino katika karne ya 16, lina michoro ya mashujaa waliovaa ngozi za chui na mavazi ya tai, kama majeshi ya Kiazteki, wakipigana na viumbe nusu mtu nusu farasi katikati ya majani makubwa yanayojisokota. Kwa muda mrefu michoro hiyo ilifunikwa na chokaa, ikafunuliwa tena katika karne ya 20. Watawa yamkini waliona humo vita vya wema dhidi ya uovu, jambo linalofaa kabisa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Wachoraji waliona nini? Bila shaka waliyaona hayo, na pia waliwaona babu zao.

Wakati huo huo Mfransisko mwingine, Bernardino de Sahagún, aliyefika mwaka 1529, alikaa na wazee na vijana wasomi wa chuo cha Tlatelolco, akawauliza kila jambo: miungu, nyota, dawa, chakula, mashairi na vita. Matokeo yake ni vitabu 12 katika Kinahuatl na Kihispania, vyenye picha zipatazo 2,500 zilizochorwa na wenyeji, vilivyokamilika karibu na mwaka 1577. Vimehifadhiwa mjini Firenze, Italia. Sahagún alitaka kuujua upagani ili aweze kuutibu, kama mganga anavyoujua ugonjwa. Hata hivyo, bila kalamu yake na bila brashi za wanafunzi wake, sehemu kubwa ya simulizi tunazoziona leo katika sanaa ya Meksiko isingalikuwapo.

Mojawapo ni ile ya kuzaliwa kwa jua. Miungu ilikusanyika Teotihuacan gizani, ikauliza nani atajitupa motoni ili awe jua. Alijitokeza mmoja tajiri na mwenye fahari, Tecciztecatl. Akateuliwa pia Nanahuatzin, maskini, mwili umejaa vidonda. Tajiri aliukaribia moto mara nne, na mara nne akarudi nyuma. Nanahuatzin alifumba macho, akaruka. Ndiye aliyekuwa jua. Tajiri alimfuata kwa aibu, akawa mwezi. Si vigumu kuona kwa nini simulizi hii haikusahauliwa na watu waliokuwa wamefanywa maskini katika nchi yao wenyewe.

MAMA ALIYEZIKWA MARA MBILI

Sahagún huyo huyo alikuwa na wasiwasi juu ya kilima cha Tepeyac. Kwa mapokeo, Mama wa Mungu alimtokea pale Juan Diego mwaka 1531, akasema naye kwa Kinahuatl, akaacha sura yake katika vazi lake. Sahagún alilalamika kwamba watu waliokwenda Tepeyac walimwita Bikira Maria Tonantzin, yaani Mama Yetu, jina ambalo babu zao walikuwa wamelitumia kwa mungu mke mahali pale pale. Alihofu kwamba chini ya jina moja walikuwa wakiabudu kitu kingine. Kanisa, baada ya kutafakari kwa karne nyingi, halikufuata hofu hiyo. Tarehe 31 Julai 2002 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Juan Diego kuwa mtakatifu. Na kila tarehe 12 Desemba wachezaji wenye manyoya marefu kichwani hucheza ngoma mbele ya Basilika, jinsi babu zao walivyocheza, na humchezea Mama huyu.

Lakini hofu ya Sahagún ilirudi kwa njia nyingine. Tarehe 13 Agosti 1790, siku ile ile ulipoanguka mji wa Tenochtitlan, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza uwanja mkuu wa Meksiko walifukua sanamu kubwa ya Coatlicue, mama wa Huitzilopochtli. Ni sanamu ya kutisha: kichwa chake ni vichwa viwili vya nyoka vinavyotazamana, sketi yake ni nyoka waliosukwa, na mkufu wake ni mikono na mioyo ya watu. Ikapelekwa Chuo Kikuu. Wenyeji wakaanza kuja kuitazama, na baadhi yao wakaleta mishumaa na maua. Wakubwa wa chuo wakaingiwa na hofu, wakaizika tena chini ya ua. Mwaka 1803 ilifukuliwa ili mtaalamu wa Kijerumani Alexander von Humboldt aione, kisha ikarudishwa udongoni.

Tarehe 17 Desemba 1790 lilipatikana katika uwanja huo huo jiwe la pili, Jiwe la Jua, lenye upana wa mita 3.6 hivi na uzito wa tani 24 hivi. Hilo halikuogopwa. Wataalamu waliona humo hesabu na elimu ya nyakati, likapandikwa kwenye ukuta wa mnara wa Kanisa Kuu, likakaa hapo hadi mwaka 1885. Siku hizi mawe yote mawili yamo katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Jiwe la Jua limeingia katika sarafu, vikapu, mikanda ya ngozi na vyungu. Mwaka 1998 lilichapwa hata katika jezi ya timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa.

KUTOKA UKUTA WA IKULU HADI UKUTA WA DUKA

Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, serikali ya Meksiko ilitaka kuwafundisha historia watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Waziri wa Elimu, José Vasconcelos, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma. Diego Rivera alichora katika ngazi za Ikulu ya Taifa historia yote ya nchi, tangu Quetzalcoatl, nyoka mwenye manyoya, na katikati akamweka tai juu ya mpungate. Mwaka 1947 alimchora Catrina, yule mwanamke wa kiunzi cha mifupa aliyebuniwa na mchoraji wa magazeti ya senti moja, José Guadalupe Posada, akamvika shingoni nyoka mwenye manyoya.

Lakini watu wengi hawakwenda Ikulu. Picha iliyowafikia nyumbani ni ya Jesús Helguera, aliyeishi kuanzia mwaka 1910 hadi 1971, ambaye kazi zake zilichapwa katika kalenda zilizogawiwa na makampuni na maduka kwa wateja wao. Mwaka 1940 alichora simulizi ya milima miwili, Popocatépetl na Iztaccíhuatl, yote ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 5,000. Shujaa Popocatépetl alikwenda vitani akiahidiwa kumwoa binti mfalme. Mtu mwenye wivu akaleta habari ya uongo kwamba amekufa, na binti akafa kwa huzuni. Shujaa aliporudi alimlaza juu ya kilima, akapiga magoti kando yake na mwenge mkononi, hata theluji ikawafunika. Simulizi hii, kwa umbo lake la leo, imepambwa sana na waandishi na washairi wa karne za karibuni. Hata hivyo mlima bado unatoa moshi, na watu bado husema ni mwenge.

Mafundi wa vijijini nao hawakukaa kimya. Katika kijiji cha San Pablito, jimboni Puebla, Waotomi wametengeneza hadi leo karatasi ya amate kwa kuchemsha na kupondaponda magome ya miti ya jamii ya mkuyu, kazi iliyo jirani sana na ile ya Waganda wanaotengeneza nguo za magome. Wahispania waliipiga marufuku kwa kuwa ilitumika katika matambiko. Tangu miaka ya 1960 Wanahua wa jimbo la Guerrero huichora juu yake ndege, harusi, mavuno na maandamano ya mtakatifu msimamizi, nao huiuza ili wapate riziki.

Picha hizi zimevuka hata mpaka. Huko California, vibarua wa mashambani walipounda chama chao mwaka 1962, walichagua bendera yenye tai mweusi wa Kiazteki. Mwaka 1966 waliandamana kwa miguu siku nyingi kutoka Delano hadi Sacramento kudai haki ya mshahara, wakafika siku ya Pasaka. Mbele ya msafara ilikwenda bendera ya tai pamoja na bendera ya Mama wa Guadalupe. Picha mbili za ukutani zilikuwa zimetoka nje, zikatembea barabarani pamoja na watu wenye njaa.

KINACHOTUDAI

Wapendwa, hatuna budi kusema pia kwamba kalenda haisemi yote. Waazteki wa Helguera ni warembo, weupe wa ngozi kuliko walivyokuwa, safi kama waigizaji wa sinema. Hawaonyeshwi mateka waliotolewa kafara juu ya mahekalu, wala watu waliotozwa kodi mpaka wakajiunga na Cortés kwa hasira. Picha inayomsifu mtu kwa kumficha haimheshimu kwa kweli.

Kuna jambo zito zaidi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, watu wapatao milioni 1.65 nchini Meksiko walikuwa bado wakizungumza Kinahuatl. Ni wajukuu wa mashujaa wale. Wengi wao wamewahi kuchekwa kwa lugha yao shuleni, au kuitwa "Mwindio" kama tusi, na mtu ambaye ukutani kwake ametundika shujaa wa Kiazteki mwenye manyoya. Ni rahisi kumpenda babu aliyechorwa. Huyo haombi ardhi, haombi daktari, haombi bei nzuri ya karatasi yake ya magome. Mjukuu aliye sokoni anaomba.

Hapo ndipo tunaporudi mwaka 1539. Waliompelekea Baba Mtakatifu picha ya manyoya walitaka kumwonyesha kwamba waraka wake ulikuwa kweli, kwamba wao ni watu. Hawakuhitaji asifiwe babu yao, walihitaji watambuliwe wao. Mtakatifu Paulo alipoingia Athene hakuanza kwa kubomoa altare aliyoikuta. Alianzia hapo hapo kusema na watu waliokuwa mbele yake. Watawa wa Meksiko waliofaulu kuacha kitu kinachodumu ni wale waliojifunza lugha, walioketi na wazee, waliowakabidhi mafundi kazi na kuwaamini.

Basi, tunapoitazama picha yoyote ya watu wa kale, iwe ya Meksiko au ya mahali pengine popote, tujiulize swali moja tu: wajukuu wao wako wapi leo, nasi tunawasalimu namna gani? 

Tunawatakia juma jema lenye amani. Bikira Maria wa Guadalupe, utuombee. Mtakatifu Juan Diego, utuombee.